MREJESHO: Terminali iliyokuwa ikiachanisha herufi za Kiarabu

Wakuu, nimerudi. Kwa waliosahau: terminali (dirisha la kuandikia amri za kompyuta) ninayoiunda, ya chanzo huria, ilikuwa ikionyesha Kiswahili cha hati za Kiarabu kinyumenyume, herufi zimeachana kama ndugu waliogombea shamba. سلام ilianzia kushoto, kila herufi kivyake.

FriBidi, maktaba ya programu inayopanga maandishi ya kulia kwenda kushoto na kuunganisha herufi za Kiarabu, imemaliza kesi hiyo. Maandishi yanabaki kwenye kumbukumbu kwa mpangilio wa kusomwa, yanageuzwa wakati wa kuchora tu. Kilichonitoa jasho ni irabu: fataha nilikuwa naihesabia chumba kizima (nafasi ya herufi moja kwenye skrini), kumbe upana wake ni sifuri! Herufi ya Kichina nayo inataka vyumba viwili. Sasa nauliza kwanza wcwidth, amri ya programu inayotaja herufi inachukua vyumba vingapi.

Kishale bado kinarukaruka nikichanganya hati mbili mstari mmoja. Hapo naendelea kuhangaika.