Tupeane uzoefu: kumfundisha kushona yatima aliyepitia vita, ukali uanzie wapi, uishie wapi?

Fundi wa Katindo
Hapa Goma ateliye nyingi za kushona zina mtoto aliyeletwa na shangazi, na mchungaji, au na familia iliyompokea wakati wa kukimbia. Anayemleta husema: "Mpe ukali, atanyooka." Ukali katika ufundi si kitu kibaya, nguo iliyopinda haivaliki hata aliyeishona akiwa mtoto wa kuhurumiwa. Shida ni kwamba mtoto aliyeona watu wake wakiuawa hasikii kelele yako kama fundisho. Anasikia hatari, na mtu anayesikia hatari hashiki kipimo.
Leteni mambo ya kazi yenyewe: hatua, vipimo, kinachoharibika na sababu yake. Habari za mtoto fulani wa mtaa fulani tusizilete, kartiye zetu ni ndogo na watu wanajuana.

Mama Birere
Naanza na mashine. Mpe ya pedali, hata kama una ya umeme. Ya umeme inaruka mbele kidole kikikosea kidogo, na koranti ikikatika na kurudi inamshtua. Ya pedali inasimama pale anaposimama yeye.

Siku za mwanzo hakuna uzi, hakuna kitambaa. Legeza kifundo cha katikati ya gurudumu la mkono ili sindano isitembee, inua mguu wa kukandamizia, kisha akanyage tu. Mkono wa kulia unaanzisha gurudumu kuelekea kwake, miguu inafuata. Gurudumu likirudi nyuma, uzi utajisokota ndani na kukatika, kwa hiyo asivuke hapo mpaka akanyage dakika tano bila kurudi nyuma hata mara moja.

Halafu karatasi ya daftari yenye mistari, bila uzi. Tumia sindano iliyochoka, maana karatasi inaifanya butu. Mistari iliyonyooka kwanza, kisha pembe: sindano ikiwa chini ndani ya karatasi, inua mguu wa kukandamizia, geuza, shusha. Kisha mviringo. Hapo ndipo uwe mkali: mashimo yakitoka nje ya mstari zaidi ya milimita 2, karatasi nyingine. Usiseme "hujui kitu." Weka rula, aone mwenyewe.

Uzi ukifika, makosa ni yaleyale kwa wote. Uzi ukijikusanya chini ya kitambaa, wanakimbilia kulegeza bobini, kumbe mara nyingi ni uzi wa juu ambao haukukaa kati ya visahani vya kukaza. Avute nyuzi zote mbili nyuma kama sentimita 10 na azishike anapoanza. Mshono ukiruka, angalia sindano: imepinda, au upande wake bapa umegeuzwa. Sindano namba 14 (90) inatosha kwa kitenge, 16 (100) kwa jinzi, 11 (75) kwa kitambaa laini. Na asivute kitambaa kwa nyuma. Sindano inapinda, inagonga chuma, inakatika kwa mlio. Mlio huo kwa mtoto wa namna hii unaweza kumaliza kazi ya siku nzima.

Vumbi jeusi la lava halituachi mjini hapa. Burashi kwenye meno ya mashine kila jioni, tone moja la mafuta kila tundu, kisha ashone kitambaa chakavu ili mafuta yasichafue nguo ya mteja. Kazi hiyo iwe yake peke yake. Kitu anachokitunza mwenyewe kinamkalisha.

Muzee Ndosho
Kabla hamjafika mbali, ana miaka mingapi? Sheria ya Kongo namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto haikubali mtoto aingizwe kazini kabla hajatimiza miaka 16, na kati ya 16 na 18 ni kazi nyepesi zisizodhuru afya. Wa miaka 12 nafasi yake ni shule. Kushona kifungo jioni nyumbani ni jambo jingine. Na neno "yatima" msilichukue hivihivi. Wengine wamepotezana tu na wazazi njiani. Mpelekeni DIVAS (ofisi ya serikali ya mambo ya jamii) akaandikwe, na Msalaba Mwekundu wanaotafuta familia zilizotengana. Msimwambie mtoto "wazazi wako wamekufa" kwa kukisia.

Yaya Couture
Muzee amesema kweli. Mimi naongeza kuhusu kupima, maana hapo mafundi wengi wanakosea bila kujua. Kupima ni kumgusa mtu kifuani, kiunoni, kwenye nyonga. Mtoto aliyeumizwa mwilini, awe wa kike au wa kiume, usimfanye mfano wa kupimia mbele ya wenzake. Aanze kwa kupima nguo iliyokwisha kushonwa, ilalishwe mezani: upana wa kwapa hadi kwapa mara mbili, urefu wa bega hadi pindo, mkono. Akizoea, ampime mwenzake aliyekubali, akisimama ubavuni, asizunguke mgongoni kwa mtu. Kila kipimo akitaje kabla futi haijagusa: "kifua", "kiuno." Hata wateja wanapenda hivyo.

Na wewe fundi, usimwinamie kwa nyuma ukamshika mikono kumwongoza. Kaa kando yake na kitambaa chako, shona polepole, aangalie.

Mama Birere
@Yaya Couture hapo kwenye kuinamia, asante. Ni tabia ya karibu kila fundi.

Papa Majengo
Niseme kuhusu akiganda. Utamwona macho yamekaza sehemu moja, hajibu, mikono imepoa, mguu umesimama kwenye pedali. Si kiburi. Si pepo pia, na msianze kumwombea kwa sauti juu ya kichwa. Ondoa mkasi na pasi karibu yake kwanza. Kaa mbele yake, mbali kidogo, sauti ya kawaida: jina lake, siku ya leo, "uko ateliye, Majengo, mimi ni fulani." Akanyage sakafu kwa miguu yote miwili. Mpe kipande cha kitambaa ashike, aseme ni laini au kigumu, au ahesabu pini kwenye kisanduku. Pumzi itoke ndefu kuliko inavyoingia. Usimshike, usimmwagie maji. Akirudi, mpe maji anywe na kazi rahisi ya mkono kama kufungua mshono. Usimuulize "uliona nini?"

Kinachoamsha hali hiyo hapa kwetu: pikipiki inayopiga mlio, jenereta, mvua ya mawe kwenye mabati, ardhi kutikisika. Na tangu mapigano ya Januari 2025 hapa mjini, hata watu wazima wanashtuka. Usiyoweza kuzuia, sahau. Unayoweza, tangaza: "Napiga nyundo" kabla ya kugonga vifungo vya chuma.

Pasi ya makaa pia. Harufu ya nguo inayoungua inamrudisha kwenye nyumba iliyochomwa. Iwashwe uani, majivu yakung'utwe hukohuko, na ijaribiwe kwenye kipande cha mabaki kabla ya nguo ya mteja. Akiungua, maji safi yanayotiririka dakika 20, si dawa ya meno.

Ikiwa anaganda kila siku, au anasema anataka kufa, hapo ufundi wako umefika mwisho. Tafuta APS (msaidizi wa mambo ya akili na jamii) kwenye kituo cha afya, au hospitali ya HEAL Africa hapa Goma, hospitali ya Panzi kwa walio Bukavu. Siku hiyohiyo, si baada ya oda kuisha.

Fundi wa Katindo
Na akiharibu kitambaa cha mteja? Hapo ndipo makofi yanapotoka.

Mama Birere
Kitambaa cha mteja kimefikaje mikononi mwake? Hilo ni kosa la fundi. Mpangilio ni huu: mashuka ya zamani, kisha mabaki ya ateliye, kisha foronya ya sentimita 50 kwa 70 yenye nafasi ya mshono ya sentimita 1.5, kisha sketi ya shule. Kitenge cha mteja baadaye kabisa, na mkasi ushikwe na fundi bado.

Akikosea mshono, anaufungua mwenyewe. Usimfungulie, hiyo huruma inamwambia hawezi. Lakini mara tatu kwa kipande kimoja basi, kitambaa kinaanza kutoboka na mtoto anaanza kujichukia. Badilisha kipande, sheria ibaki ileile. Saa ya kufika iwe moja kwa wote. Akichelewa, anafagia. Adhabu iwe inajulikana tangu siku ya kwanza na isipande kwa sababu leo wewe una hasira.

Mwana wa Kadutu
Niko Bukavu. Wanaolala kwa fundi: godoro lake peke yake, tochi karibu, mlango aweze kuufungua kutoka ndani, na mtu mzima asiingie usiku bila kubisha. Akikojoa kitandani, shuka linafuliwa bila maneno mbele ya wengine. Ukikuta mkate chini ya godoro si wizi, ameshawahi kulala njaa. Mpe kisanduku chenye kifuniko, chakula chake kikae humo. Amelala vibaya? Asubuhi asikate, apige pasi au apange vifungo.

Muzee Ndosho
Malipo je?

Mama Birere
Kazi ya kwanza ya kulipwa iwe sketi za shule, Agosti, kabla ya watoto kurudi darasani. Kitambaa cha bluu hakina maua ya kulinganisha na kipimo kinajirudia. Marinda ya kufunika kabisa yanakula kitambaa mara tatu ya kiuno: kiuno cha sentimita 60 kinataka 180, ongeza 3 za mshono. Andika kwenye daftari idadi na bei, asaini yeye mwenyewe, pesa ziingie mkononi mwake, si kwa shangazi aliyemleta. Shangazi atakuja kulalamika. Daftari liwe karibu.