Tupeane uzoefu: kuwasaidia wenzetu Uingereza bila kuanika siri zao

Mwanzisha mada, London

Ndugu wanajamii, salaam. Nafungua mada hii kwa sisi tuliowahi kujitolea katika vikundi vidogo vya hisani vya Waswahili walioko Uingereza, na pia kwa waliowahi kusaidiwa na vikundi hivyo. Habari za kutafuta fedha tumekwisha kuzizungumza sana. Ninaloomba leo ni uzoefu wa jambo linalonikosesha usingizi zaidi, yaani namna ya kumsaidia mtu ambaye unakutana naye arusini na msibani, bila shida yake kugeuka kuwa mazungumzo ya mtaa.

Sisi tulianza tukiwa watu sita, kila Jumamosi, katika ukumbi tulioazimwa bila malipo. Kazi yetu kubwa ilikuwa kusoma barua. Watu walikuja na mifuko ya plastiki iliyojaa bahasha za halmashauri, za hospitali na za Wizara ya Mambo ya Ndani, nyingine zikiwa hazijafunguliwa kwa miezi, kwa kuwa mwenyewe aliogopa kilichomo. Upande mmoja wa ukumbi kulikuwa na meza ya barua, na hatua chache kutoka hapo meza ya chai na maandazi, ambayo tuliiweka kwa nia njema ili watu wasijione wamekuja kuomba.

Siku moja mama mmoja alileta barua ya deni la kodi ya nyumba. Mwenzetu aliyeipokea, ambaye ana sauti ya mwadhini, aliisoma mwanzo hadi mwisho. Kabla wiki haijaisha, dada yake yule mama alimpigia simu kutoka Unguja kumuuliza kama ni kweli anafukuzwa nyumba. Hakurudi tena kwetu, na nilipokutana naye sokoni aligeuza uso. Hakuna aliyekusudia kumdhuru, lakini aliyemdhuru ni sisi. Tangu hapo barua husomwa katika chumba cha pembeni, daftari lina namba badala ya majina, na hatutumi tena kwenye kundi la simu ule ujumbe wa “tumchangie mama fulani wa mtaa fulani”, ambao hata ukificha jina, kila mtu humjua anayekusudiwa.

Mchangiaji, Norwich

Asante kwa mada. Familia yetu ni ya Wakongo waliopokewa Norwich kupitia Gateway, mpango wa serikali ya Uingereza wa kuwapokea wakimbizi, ambao uliendelea tangu mwaka 2004 hadi 2020. Nilipokuwa na umri wa miaka 12 mimi ndiye nilikuwa mkalimani wa mama kwa daktari. Mama alikuwa na maradhi ya kike, na kwa kuwa mdomo wake ulikuwa mimi, mwanawe wa kiume, alisema anaumwa mgongo. Alitibiwa mgongo kwa zaidi ya mwaka mzima.

Kwa hiyo leo nikiwa mtu wa kujitolea, jambo la kwanza ninalomweleza mgeni ni kwamba ana haki ya kumwomba daktari mkalimani wa kazi, bila kulipa, na kwamba ili kuandikishwa kwa daktari wa mtaa hahitaji kuonyesha hati ya ukaazi. Wengi wetu huomba mkalimani wa simu aliye mji mwingine, asiyeijua sura yetu.

Hata hivyo, ugeni wa mkalimani nao una gharama yake. Mama, aliyezoea kuhesabu saa kama Wafaransa, aliwahi kuahidi kufika kliniki “saa mbili”, akiwa na maana ya saa nane mchana. Mkalimani, ambaye kwa matamshi yake alikuwa mtu wa pwani, akatafsiri kuwa ni asubuhi. Mama alifika mchana, akaambiwa nafasi yake imekwisha kupita. Tangu siku hiyo tunawashauri watu wataje mapema kwamba wanahitaji Kiswahili cha Kongo.

Mwekahazina mstaafu, Birmingham

Nitaongeza mambo mawili. Kwa sheria ya hapa England na Wales, taasisi ya hisani ambayo mapato yake yanazidi pauni 5,000 kwa mwaka hutakiwa kujiandikisha, na ikishajiandikisha, hesabu zake na majina ya wadhamini huwa wazi kwa umma. Hilo ni jema. Ila wapo wafadhili waliochukulia kwamba uwazi huo unawahusu hata wanaosaidiwa, wakataka picha za watu wakipokea vyakula. Tulikataa, tukakosa fungu moja la fedha, na mpaka leo baadhi ya wenzangu wananilaumu.

La pili ni zito zaidi. Mwenzetu mmoja, kwa huruma tu, alimwandikia mwomba hifadhi maelezo yake yote na kumshauri apunguze nini na aongeze nini. Sheria ya Uhamiaji na Hifadhi ya mwaka 1999 imefanya kutoa ushauri wa uhamiaji bila kibali kuwa kosa la jinai. Mtu wa kujitolea anaruhusiwa kusindikiza, kusoma barua kama ilivyoandikwa na kumtafutia mhusika mwanasheria. Akivuka hapo anajiweka hatarini, na anamponza anayemsaidia, kwa sababu maelezo yaliyopambwa huja kukinzana na ya mdomoni siku ya mahojiano.

Msomaji wa kimya

Mimi ni miongoni mwa waliosaidiwa. Nilitoka Mombasa kwenda Ghuba kufanya kazi za ndani, na mabosi wangu wakanileta London kwa likizo yao ya kiangazi, pasipoti yangu ikiwa mikononi mwao. Nilipotoroka sikuwatafuta Waswahili, bali niliwakwepa. Wakala aliyenipeleka Ghuba ana ndugu huku, nami nilijua kwamba swali la kwanza la Mswahili baada ya salamu ni “kwenu wapi, wewe wa akina nani?” Wengine hulijibu swali hilo kwa furaha. Mimi nililiona kama mlango wa kunirudisha nilikotoka.

Aliyenisaidia mwishowe alikuwa dada wa kikundi kimoja kama chenu. Alinisemesha Kiswahili, akanipa nauli ya basi, akanipeleka kwa mwanasheria na kukaa nje mpaka nikamaliza. Mwaka 2024 nilikuwa nikiishi kwa posho ya serikali kwa waomba hifadhi, pauni 49.18 kwa wiki, naye alinifundisha kuipanga siku kwa siku. Kwa muda wote huo hakuniuliza kwetu ni wapi. Nilikuja kumwambia mwenyewe baada ya miezi minane, tukiwa tunamenya viazi.

Mwanzisha mada, London

Dada, nimekusoma mara tatu. Fomu yetu ya kumpokea mgeni ina mistari tisa, na wa pili, baada ya jina, unauliza: “Asili yako ni wapi?” Niliuandika mimi, nikidhani unamkaribisha mtu. Jumamosi hii nitakiomba kikao kiufute.