Mrejesho: Ile lugha ya kobe nimeipata

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza ile lugha ya kompyuta ya utotoni, ya kumwamuru kobe (alama ndogo inayotembea) achore kwenye skrini, inaitwaje, na kama bado ipo. Ni Logo, iliyoanza Marekani mwaka 1967 kwa kazi ya Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wally Feurzeig. Nimepakua UCBLogo, toleo mojawapo la Logo, ni bure kabisa. FD 100 (mbele hatua 100), RT 90 (geuka kulia digrii 90), rudia mara 4: mraba huo! Kilichonifurahisha zaidi ni duara. Kobe anasogea kidogo, anageuka digrii 1, mara 360, na duara linajifunga lenyewe. Mwanangu akauliza, je, nyota? Digrii 144, mara 5. Wenye Python, lugha nyingine ya kompyuta, moduli yake ya turtle (yaani kobe) inachora vilevile, ila kwa mtoto ningeanza na Logo.