Mada: Jina la ukoo la mtoto limegoma dirishani, msaada!

Mama Amani (Bilbao, Hispania):
Wapendwa, nimetoka ofisi ya usajili nimechoka. Kitambulisho (DNI) cha mume wangu kinasema Echeverría, kwa Kihispania, lakini kwenye fomu ya hospitali kaandika Etxeberria, kwa Kibaski, lugha ya wenyeji wa huku, kwa sababu ndugu zake wote walishabadilisha. Dada wa dirishani kairudisha fomu. Mume kachachamaa: eti yeye kazaliwa 1974, dikteta Franco, aliyekibana Kibaski, akiwa hai, nani angethubutu kumwandikia "tx"? Je, abadilishe lake kwanza, au mtoto anaweza kuingia moja kwa moja na herufi za Kibaski? Siku zinakwenda.

Baba Zuhura (Vitoria):
Hongera kwa mtoto na pole kwa dirisha. Mimi nilipopata uraia walitaka apellidos mawili, yaani majina mawili ya ukoo, na cheti changu cha kuzaliwa cha RITA kina langu, la baba na la babu. La babu likawa la kwanza, la ukoo wa mama likafuata. Leo mdogo wangu akinitumia fedha, benki inauliza huyu ni nani. Halafu mkumbuke, la baba halitangulii lenyewe siku hizi. Tangu 2017 wazazi mnakubaliana.

Bi Mwanahawa:
Kaka, hakuuliza mpangilio, kauliza herufi. Tusome kabla ya kujibu. Mama Amani, Euskaltzaindia, ile akademia ya Kibaski, hutoa cheti cha tahajia. Shemeji yangu alikipata, akakipeleka Registro, ofisi ya usajili, akatoka Echeverría akawa Etxeberria. Ila yeye ni mtu mzima, hakuwa na kichanga mkononi.

Baba Zuhura:
Sawa mwalimu. Lakini kwani ni ukoo mmoja? Hapa kazini ninao akina Echeverría watano na hawasalimiani.

Bi Mwanahawa:
Si ukoo mmoja hata kidogo. Etxe ni nyumba, berri ni mpya. Zamani Mbaski alijulikana kwa nyumba anayokaa, na kila kijiji kilikuwa na nyumba mpya yake. Ndiyo maana wametapakaa: Wafaransa wana Etcheverry, Kolombia kuna Echeverri, kwingine Amerika ya Kusini utakuta Echavarría na Chavarría. Mexico ilipata hata rais, Luis Echeverría, 1970 hadi 1976.

Mzee Kazungu (Pamplona):
Mmemsahau mkubwa wao, Mtakatifu Fransisko Xavier, yule mmisionari. Xavier ni jina hilohilo, limefupishwa vinywani mwa watu. Akina Saveri wote wa parokia za kwetu wanatembea na nyumba mpya ya Kibaski bila kujua.

Baba Zuhura:
Shikamoo mzee, lakini Xavier si Mreno?

Mzee Kazungu:
Marahaba. Merikebu ndiyo ilikuwa ya Wareno, mtu hakuwa wao. Fransisko alizaliwa 1506 katika ngome ya Javier, hapa hapa Navarra, naipita nikienda kazini. Mwaka 1542 alitia nanga Malindi akielekea Goa, India. Kikanisa cha Wareno kipo mpaka leo kando ya bahari, tulikuwa tunacheza mpira karibu yake. Jamani, samaki wa kupaka wa pale! Hapa wananipa bakalao wa chumvi.

Baba Zuhura:
Mzee umenikumbusha kwetu Tanga. Nyumba mpya yangu imefika kwenye linta tangu mwaka juzi, fundi anasema saruji imepanda. Na nikienda kuiona naingia na viza, maana Tanzania hakuna uraia pacha. Nyinyi Wakenya mnao tangu Katiba ya 2010, mnadeka tu.

Mzee Kazungu:
Kudeka? Pasipoti yenyewe unaisubiri mpaka unasahau safari ilikuwa ya nini.

Bi Mwanahawa:
Uraia pacha tena! Fungueni mada yenu.

Baba Zuhura:
Sawa. Mama Amani, Jumatatu wahini wote wawili, na libro de familia, kile kitabu cha familia, msikitafute, hakitolewi tena. Wakikwambia walitaka karatasi gani, tuandikie. Mke wangu anajifungua mwezi wa tano, na baba mkwe ni Echeverría.