Akriliki ya kumimina imepasuka juu ya jipsamu, naomba msaada

Mwana_Kiwira, Tukuyu

Habari zenu wakuu. Nachora maji ya Kiwira pale Kijungu, mto unapobanwa na miamba kisha ukatumbukia kwenye chungu cha jiwe. Utotoni nilipita pale na bibi, na ngurumo yake tuliisikia kabla hatujayaona maji. Ndiyo maana sikutaka picha bapa.

Nilichukua kanvasi ya sentimita 60 kwa 90, nikapaka jipsamu ya dari niliyochanganya na gundi nyeupe ya mbao, nikavuta matuta kwa skrepa yawe miamba. Kesho yake nikamimina akriliki, yaani rangi ya kuzimuliwa kwa maji: bluu, kijani, nyeupe, na chungwa kidogo kwa ajili ya jua la asubuhi. Rangi niliilainisha kwa maji matupu mpaka ikawa nyepesi kama maziwa.

Usiku ule baridi ilikuwa kali, mnaijua Julai ya huku, nikaisogeza karibu na jiko la mkaa. Kulipokucha nikakuta nyufa katika kila bonde, nyingine ukucha unaingia. Chungwa lilipokutana na bluu pamekuwa tope. Mto wangu umesimama, na inaniuma kweli. Nimekosea wapi?

Fundi_Dari, Mafinga

Pole sana kaka. Mimi si mchoraji, ila jipsamu ndiyo kazi yangu. Jipsamu kushika si kukauka. Inashika ndani ya nusu saa hivi, lakini maji yaliyomo yanachukua siku kadhaa kutoka, na kwenye baridi ni zaidi. Ikishakauka nayo ina kiu: ukiimwagia rangi ikiwa haijazibwa, inanyonya maji kwa chini. Iache wiki nzima, piga msasa, kisha ipake mara mbili gundi iliyozimuliwa, kila tabaka likauke kwanza.

Halafu kanvasi inanesa, jipsamu hainesi. Ukiibonyeza tu kwa nyuma, tuta linakatika. Tumia hadibodi, uipigilie fremu ya mbao za paini. Huku kwetu kwenye msitu wa Sao Hill paini si ya kutafuta.

Dada_Rangi, Iringa

Fundi kasema kweli tupu. Mimi naongeza la jiko. Akriliki ikipata joto la upande mmoja, ngozi ya juu inakauka huku chini bado ni uji. Ngozi inajikunja, inachanika. Mabondeni ndiko rangi ilikotuama nene, ndiyo maana nyufa ziko huko. Lakini na baridi ya chini ya nyuzi 10 hivi nayo haifai, chembe za rangi hazishikani vizuri. Mimina asubuhi, funga madirisha, usiiwekee moto.

Maji matupu yanadhoofisha gundi iliyomo kwenye rangi. Zimua kwa gundi nyeupe, maji yawe kidogo tu ya kuifanya itiririke.

Chungwa na bluu zikichanganyika zinauana, tenganisha kwa nyeupe. Na usiinamishe ubao kila upande! Nenda ukautazame mto tena: penye wembamba maji yanakimbia, penye upana yanapumzika. Mimina juu tu, inamisha kufuata matuta, miamba yako iyaongoze yenyewe. Povu utaliweka mwishoni kwa brashi kavu.

Kijana_wa_Uyole

Mkuu, kwani nyufa si ziache? Miamba nayo ina nyufa.

Dada_Rangi, Iringa

Hapana mdogo wangu. Nyufa zake ziko kwenye maji, siyo kwenye miamba. Na rangi ikishainuka kingo, itaendelea kubanduka.

Mwana_Kiwira, Tukuyu

Ndaga fijo, yaani asanteni sana kwa Kinyakyusa, wote. Nimejaribu kwenye hadibodi ya sentimita 30 kwa 30: jipsamu siku nane, gundi mara mbili, chungwa nimeliacha kabisa. Leo siku ya nne, hakuna ufa hata mmoja. Bluu imefika tuta la pili ikajikunja yenyewe kuingia shimoni, vilevile kama Kijungu, nikabaki nimeishika ile hadibodi mikono inatetemeka. Ila nyeupe yote imekimbilia kona ya kushoto. Nadhani meza yangu haikukaa sawa, kesho naazima pima maji kwa jirani kabla sijagusa ile kubwa.