Kikundi cha jumuiya, Umoja: Jumamosi 13 Desemba 2025, jioni

Mwenyekiti: Tumsifu Yesu Kristu. Wapendwa, kesho ni Jumapili ya tatu ya Majilio, tunawasha mshumaa wa waridi, ule wa furaha. Ibada ni saa kumi kwa Mama Kevo, kama tulivyopanga. Somo la Isaya 35 atasoma yeye mwenyewe.

Mama Achieng: Milele na milele, amina. Nakuja na mandazi.

Mama Kevo: Mwenyekiti, kesho naomba mwende kwingine. Sitaficha. Baba Kevo hana kazi tangu Oktoba. Mwenye nyumba amesema Jumatatu anaweka kufuli. Kevo amepita vizuri, Januari anaingia Gredi ya 10, na hata sare sijui nitanunua na nini. Mniwie radhi, hiyo furaha ya waridi siioni. Naomba mpaka nachoka. Najiuliza kama Mungu anasikia ama naongea na mabati.

Mama Achieng: Pole sana mama 🙏

Baba Wafula: Usiseme hivyo mama, watoto wakisikia watavunjika moyo.

Katekista: Baba Wafula, mwache aseme. Hebu fungueni Injili ya kesho, Mathayo 11. Yohana yuko gerezani. Herode amemfunga kwa kumwambia ukweli kuhusu Herodia, mke wa nduguye. Huyu ndiye aliyembatiza Yesu kwa mikono yake pale Yordani, na sasa anatuma watu wakaulize: “Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?” Yesu hamkemei. Wajumbe wakishaondoka anamsifu mbele ya umati wote. Mama Kevo, Yohana alikuwa na shaka, lakini shaka yake aliipeleka kwa Yesu mwenyewe. Kwangu mimi hiyo ni sala.

Mama Kevo: Lakini Yohana hakutoka, katekista. Alikatwa kichwa.

Katekista: Ni kweli, na siwezi kukudanganya kwamba kufuli haitakuja. Yesu hakumpa Yohana siku ya kutoka. Aliwaambia wale wajumbe wakamweleze wanayoyasikia na kuyaona: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa habari njema. Aliye kifungoni hayaoni hayo, lazima aletewe na mtu. Sasa wewe nani akuletee kama si sisi?

Susu Mwende: Binti yangu, njaa ya 1984 ilinikuta Kitui. Mbegu za masika zilikaukia mchangani, na nyingine tulikuwa tumeshazila. Vuli ilipokaribia tuliazimana, kikombe kwa kikombe, aliyebaki na kunde akampimia jirani, tukapanda tukiwa hatujaona hata wingu. Yakobo, kwenye somo la kesho, anasema mkulima hungoja mvua ya kwanza na ya mwisho. Kungoja nilikokuona mimi ni huko, jembe likiwa mkononi. Na usiku nililia, mwanangu. Mungu hakunikasirikia.

Baba Wafula: Mama Kevo, kodi ni ngapi?

Mama Kevo: 8,500 kwa mwezi. Nadaiwa miezi miwili.

Mwenyekiti: Mweka hazina, tuna nini?

Mweka hazina: 6,200. Zilikuwa za zawadi za watoto Krismasi. Mimi naona ziende zote.

Mama Achieng: Naunga mkono. Nimetuma 1,000 sasa hivi.

Fundi Rose: Sare niachieni. Nileteeni kitambaa tu, kushona ni juu yangu.

Baba Wafula: 2,000 imeingia, mweka hazina angalia. Huyo mwenye nyumba tunafahamiana. Mwenyekiti, twende tumwone leo hii, tumwombe mpaka mwisho wa mwezi kwa salio.

Mama Kevo: Sijui niseme nini. Moyo bado mzito, siwezi kuwadanganya. Lakini njooni kesho. Chai itakuwa ya rangi.

Mama Achieng: Maziwa nabeba.

Mama Kevo: Somo la Isaya tafuteni mtu. Nikifika hapo kwa “mikono iliyo dhaifu” sitamaliza.

Mwenyekiti: Kevo asome.

Mama Kevo: Amekubali. Ameshachukua Biblia.

Mwenyekiti: Basi saa kumi kamili. Mshumaa uko kwa katekista. Baba Wafula, nashuka, nikute getini.