Kabla ya kuidhinisha kibanda kingine cha kubeti Mbagala, nani amehesabu vilivyopo?

Wanajamvi,

Nawauliza wanaotoa leseni za michezo ya kubahatisha: mnapoidhinisha kibanda kingine huku kwetu Mbagala, Dar es Salaam, mnatazama ni vingapi vimekwishatangulia na vimepakana na nini? Ukishuka Rangi Tatu na kuingia mitaani, utakuta dubwi, yaani mashine ya kamari ya sarafu, dukani, jingine kwenye banda la chipsi, na wakala wa pesa za simu akiwa ukuta kwa ukuta na ofisi ya kubeti, kiasi kwamba bodaboda aliyeliwa hesabu ya siku ya tajiri mwenye pikipiki anapiga hatua mbili tu, anatoa akiba iliyobaki kwenye simu, kisha anarudi kuitafuta ile iliyokwenda. Nimemkuta mtoto mwenye sare ya shule ya msingi amesimama juu ya kreti la soda ili afikie tundu la kutumbukizia sarafu ya shilingi 200, huku mwenye duka akimchenjia noti. Umri wa kisheria ni miaka 18!

Linaloniudhi zaidi ni jibu kwamba kila kibanda kina leseni halali. Hata kama ni kweli, leseni moja moja haionyeshi msongamano, na msongamano ndio unaotuumiza, kwa sababu anayejaribu kuacha hawezi kwenda hata sokoni bila kupita mbele ya mashine. Kasino za mjini mtu huzifuata kwa nauli. Huku dubwi limemfuata mlangoni.

Kupima jambo hili kunawezekana. Uingereza, halmashauri za Westminster na Manchester ziliagiza utafiti uliochora ramani ya maeneo yenye watu walio hatarini zaidi, wakiwamo vijana, wasio na ajira na wenye madeni, ili leseni zijadiliwe kwa kuitazama. Jimbo la Victoria, Australia, limeweka ukomo wa mashine 10 kwa kila watu wazima 1,000 katika eneo la halmashauri, nje ya kasino.

Tunataka ramani ya kata kwa kata, yenye shule na vituo vya daladala, ibandikwe hadharani, na leseni mpya zisimame Mbagala, Manzese na Tandale hadi ukomo uwekwe. Anayejua ofisi itakayopokea malalamiko haya na kugonga muhuri kwenye nakala yangu aitaje hapa, kwa maana nilikopeleka barua ya kwanza niliambiwa kwa mdomo tu kwamba imepokelewa.